Gasketi ya Ijumaa

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, sijifichi. Mke wangu Orpah husema hasira yangu ni maziwa jikoni: yanapanda, yanamwagika, halafu mtu mwingine ndiye anayesafisha. Sikatai. Nimetengeneza malori hapa Kiogoro kwa miaka ishirini na miwili, na mtu akishinda miaka hiyo yote akirekebisha makosa ya mafundi wengine, atajua kupiga kelele hata kama alizaliwa mpole. Jina langu ni Thadeus Ogeto. Ukifika Kiogoro na gari bovu, uliza tu yule fundi wa kelele, utaelekezwa.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa Septemba, saa tatu asubuhi, nilisikia filimbi ikija kutoka upande wa mjini. Ilikuwa filimbi nyembamba, inayolia injini ikikazwa na kunyamaza dereva akiachilia mafuta. Nyuma yake kulikuwa na moshi mweusi wa kutosha kukausha ndizi za mtaa mzima, na mbele ya moshi huo lori la tani saba la Jemimah, ambaye sisi sote tunamwita Mama Sheila.

Mama Sheila hubeba majani ya chai kutoka vituo vya Gesima hadi kiwandani. Njia hiyo ameishika miaka tisa, na lori analiendesha mwenyewe, kwa sababu anasema dereva wa kuajiriwa atamlia klachi. Alishuka, akafunga mlango kwa goti, akanisalimia kwa kifupi. Kwa mtu anayependa maneno kama yeye, hiyo haikuwa dalili njema.

"Fundi, hii gari imekufa nguvu," alisema. "Nikiwa na mzigo napanda na gia ya kwanza. Watoto wa shule wananipita na miguu, tena wananipungia mkono."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano imeanza kidogo kidogo. Nikapeleka kwa garage moja huko town. Wakabadilisha filta. Haikusaidia. Wakabadilisha nozeli za kupuliza dizeli, zote nne. Haikusaidia. Juzi wananiambia eti ni turbo. Nikawaambia hapana, hiyo turbo hamgusi, naenda kwa Ogeto."

Halafu akaniambia jambo lililokuwa limemnyima usingizi. Wakulima wa Gesima walikuwa wamelalamika kiwandani kwamba majani yao yanafika yakiwa yameanza kuwa mekundu kwa sababu ya malori yanayotambaa. Kwa hiyo Machogu, afisa wa usafiri wa kiwanda, alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa saa nane mchana atasimama kwenye kilima kile kirefu cha kuelekea kiwandani. Kila lori litapanda likiwa limejaa. Litakaloteremka hadi gia ya kwanza, njia yake itapewa mtu mwingine.

"Nikipoteza hiyo njia, fundi, niambie nimebaki na nini," alisema. Hakuwa akilia, lakini alikuwa akikaza macho.

Nikapandwa na hasira. Nilianza na fundi wa filta, nikaenda kwa fundi wa nozeli, nikamalizia na aliyetaka kuuza turbo. Nilisema mafundi wa siku hizi wanatengeneza magari kwa kubahatisha. Nilisema wanaogopa kuchafua mikono. Nilisema mtu wa namna hiyo anafaa kunyang'anywa spana na kupewa jembe, na baada ya hapo nikakumbuka kwamba jembe nalo linahitaji akili, nikaomba radhi kwa wakulima. Mama Sheila alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wenye maduka ya jirani walitoka nje kusikiliza.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Lori lenye turbo linasukumiwa hewa kwa nguvu. Hewa hiyo inapita kwenye mabomba, mwisho inaingia kwenye manifoldi, ambayo ni mkono wa alumini wenye vidole vinne, kila kidole kikipeleka hewa kwenye silinda yake. Kati ya mkono huo na injini kuna gasketi, kitu chembamba tu cha kuziba mwanya. Gasketi ikivuja, hewa inatorokea hapo ikipiga filimbi, dizeli inakosa hewa ya kuungulia, inatoka ikiwa moshi mweusi, na lori linabaki na sauti bila nguvu. Ujanja wa ugonjwa huu ni kwamba gari likisimama na kunguruma polepole, turbo haisukumi kitu. Ukitega sikio hapo, huambulii chochote. Ndiyo maana fundi mvivu hauoni.

Mimi sikulisikiliza lori likiwa limesimama. Nilizima injini, nikainamisha kebini mbele, nikachomoa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa. Mdomo wa mpira huo niliuziba kwa kopo la rangi ambalo nimelitoboa na kulifungia valvu ya tairi. Ni chombo changu mwenyewe, hakiuzwi dukani. Nikaunganisha kompresa na kujaza upepo kiasi, kama nusu ya upepo wa tairi la pikipiki. Halafu nikachukua chupa ya maji ya sabuni na kuanza kunyunyizia kiungo kimoja baada ya kingine. Mabomba ya turbo, kavu. Mipira, kavu. Nilipofika kwenye mshono wa manifoldi na injini, povu likainuka la ukubwa wa ngumi, likapasuka, likainuka jingine.

"Mama Sheila, njoo uone mwizi wako!" nilipiga kelele. Alikuja akikimbia, na kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilimwonyesha povu. Akalipasua kwa kidole, likainuka tena, akalipasua tena, akacheka kama mtoto.

"Sasa turbo ni nzima?"

"Turbo ni nzima. Nozeli zako za zamani zilikuwa nzima. Ni gasketi tu. Kesho jioni utakuwa barabarani."

Nikachukua spana kwa furaha kubwa, na furaha hiyo ilidumu kama dakika tano. Nilifuta grisi kwenye bolti ya kwanza ya manifoldi ili spana ishike vizuri. Chini ya grisi kulikuwa na tone la rangi ya kijani.

Kila fundi wa malori ana alama yake. Ukishakaza bolti kwa mara ya mwisho, unaigusa na rangi ili ujue umeimaliza. Wengine hutumia nyeupe, wengine nyekundu. Mimi hutumia kijani, na kijani chenyewe ni kile kilichobaki tulipopaka dirisha la nyumba yetu, rangi ya ajabu kidogo, inayokaribia ndizi changa. Nilifuta bolti ya pili, kijani. Ya tatu, kijani. Nikaweka spana chini.

Nikakumbuka kila kitu. Mwezi wa Machi Mama Sheila aliniletea lori lile likivuja maji, na bomba lililopasuka lilikuwa nyuma ya manifoldi. Ilikuwa Ijumaa. Mimi ni Msabato, na kwetu Sabato huingia jua likizama siku hiyo. Baada ya hapo sishiki spana hata mfalme akwamie mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeitoa manifoldi ili nifikie bomba, na jua lilikuwa limekwisha kugusa migomba ya ng'ambo. Gasketi mpya ilikuwa mjini. Basi nikairudisha ile kuukuu nikiwa nimeipaka silikoni ya kuzibia kama mtu anayepaka mkate siagi. Tena, bolti za manifoldi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa raundi tatu. Mimi nilianza mwisho mmoja nikaenda hadi mwisho mwingine, nikikaza kila moja mara moja tu, kabisa. Nikaweka alama zangu za kijani, nikaoga, nikawahi ibada ya kufungua Sabato. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba sikuchelewa hata wimbo wa kwanza.

Nilitoa manifoldi. Nikaweka rula ya chuma kwenye uso wake na kuinua juani. Mwanga ulipita chini ya rula waziwazi. Alumini ilikuwa imepinda kwa ile haraka yangu na joto la miezi sita. Hata ningeweka gasketi mpya kumi, zingevuja.

"Ni wale wa town, sivyo?" Mama Sheila aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya tairi akila ndizi, amani tele usoni. "Ni wao walifungua hapo wakaharibu?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa nafasi kubwa tu, hata lori lingepita.

"Ee," nikasema.

Nilipanda pikipiki hadi Kisii na manifoldi ndani ya gunia. Gasketi niliipata duka la kwanza. Lakini kwa yule mwenye mashine ya kunyoosha vyuma nilikuta kufuli mlangoni, na mama wa duka la pembeni akaniambia jamaa amekwenda Nyamira kupeleka mahari na hatarudi hadi Jumatatu. Kwa siku nyingine ningemtakia heri. Siku hiyo nilisimama mbele ya lile kufuli nikiligombeza mpaka yule mama akaniletea maji ya kunywa. Jumatatu ingekuwa bure, kwa sababu Machogu alikuwa anasimama kilimani Ijumaa.

Nilifika nyumbani saa kumi. Orpah alikuwa barazani akisugua mawe. Yeye ni mzaliwa wa Tabaka, na huko wanaume huchonga mawe laini, lakini ni wanawake wanaoyasugua kwa msasa na maji mpaka yang'ae. Alipoolewa alikuja na kazi yake. Siku hizi hutengeneza bodi za mawe za kuchezea chesi, ambazo mteja huziweka mezani na kuziinamia aone kama zimelala sawasawa. Zikiyumba kidogo tu, harudi. Katika miaka yote ya ndoa yetu nimemwita mtu wa vinyago, na sijawahi kumruhusu aguse hata bisibisi yangu.

"Umenuna," alisema. "Nini hiyo kwa gunia?"

Nilimwaga vitu barazani, manifoldi pamoja na bolti zake, nikamweleza kwamba imepinda, na mwenye mashine amekwenda kuoa. Orpah alinawa mikono, akainua manifoldi, akaifumbia jicho moja na kuitazama kwa urefu. Alitumia muda mfupi kuliko mimi na rula yangu.

"Imepinda hapa katikati, na huku mwisho imeinuka," alisema. "Hii ni laini, Baba Lewis. Ni ngumu kushinda mawe yangu lakini ni laini. Naweza kuilaza kwa asubuhi moja."

Nilitaka kucheka, kisha sikucheka. Nilimwuliza atajuaje kwamba jiwe lake la kusugulia lenyewe limenyooka.

"Kwani wewe unafikiri tunabahatisha?" alijibu. "Mawe mawili ukiyasugua pamoja, moja litafanya tumbo, lingine litafanya shimo, na yatakudanganya kwamba yamelingana. Kwa hiyo tunasugua matatu, kwa zamu. Ya tatu inafichua uongo ya zile mbili." Akanionyesha bamba lake la jiwe, pana kama sinia ya harusi. Niliweka rula yangu ya chuma juu yake, huku na huku. Hakukupita mwanga wowote.

Ndipo akaokota bolti moja kutoka sakafuni. Akaigeuza, akatazama dirisha letu, akaitazama tena.

"Baba Lewis, hii si ni rangi ya dirisha letu?"

Nikanyamaza. Mtu wa kelele akinyamaza, mke wake anajua kila kitu.

"Na Mama Sheila anajua?"

"Anafikiri ni wale wa mjini."

"Nani alimwambia ni wale wa mjini?"

Nilitazama bustani ya sukuma kana kwamba nimeiona leo. Orpah aliweka manifoldi chini taratibu, akajifuta mikono kwa leso yake.

"Nitasugua," alisema. "Lakini sianzi mpaka huyo mama ajue anasuguliwa makosa ya nani. Amelipa nozeli nne kwa sababu yako. Nenda sasa, kungali mchana."

Sijawahi kutembea njia ndefu kuliko ile ya kutoka nyumbani kwangu hadi gereji, na ni mita mia tatu tu. Niliona aibu, na niliogopa. Mtu huyu alikuwa amewakimbia mafundi wa mji mzima akaja kwangu kwa sababu aliniamini. Nilimkuta akiosha kioo cha lori, akiimba.

"Mama Sheila, nimekudanganya," nilisema kabla sijapoteza ujasiri. "Wale wa mjini hawakugusa manifoldi. Ni mimi. Ni Machi, ile Ijumaa ya bomba la maji. Nilikuwa nakimbizana na jua, nikakaza vibaya, nikarudisha gasketi kuukuu. Filimbi hiyo yote ni yangu."

Aliacha kuosha. Kisha akanirushia kitambaa chenye maji kikanipata shingoni, akalizunguka lori lake mara mbili nzima, akirusha mikono. Mzunguko wa tatu aliishia mbele yangu.

"Nozeli nne, Ogeto!"

"Nne. Nitazilipa."

"Na watoto wa shule kunipungia mkono! Hiyo utalipa na nini?"

Na hapo, sijui ni uso wangu au ni ule ujinga wa mambo yenyewe, alianza kucheka. Alicheka akishikilia kioo cha pembeni. "Unaharibu gari yangu ndio uwahi kanisa," alisema. "Nyasae, Mungu wangu! Mimi Mkatoliki ningechelewa tu." Alipomaliza kucheka alijifuta macho, na sauti yake ikabadilika. "Sasa niambie ukweli, kwa sababu makosa ya Machi na ya leo nimesamehe, lakini ya Ijumaa siwezi. Hiyo gari itapanda au haitapanda?"

"Itapanda kama Orpah akisugua."

"Orpah wa chesi?"

"Huyo huyo."

Alhamisi asubuhi Mama Sheila alifika barazani kwetu kabla sijamaliza chai. Orpah alikuwa amepaka bamba lake masizi ya sufuria, tabaka jembamba. Alilaza manifoldi juu yake, akaisogeza kidogo, akaigeuza. Pale masizi yalipokamata ndipo palipoinuka. Palipobaki peupe ndipo palipozama. Akaosha bamba, akatandika msasa wa maji juu yake, akaanza kusugua manifoldi kwa mikono miwili, akiizungusha kwa mwendo wa namba nane. Mama Sheila alimwaga maji. Mimi nilipewa kazi ya kukata msasa vipande, na nilipokata vibaya nikakaripiwa. Kwangu mwenyewe, tena mbele ya mteja! Nilifurahi sana, sielewi kwa nini.

Walisugua na kupima kwa masizi, wakasugua na kupima. Walipochoka walianza kuimba, Orpah nyimbo za Kisabato na Mama Sheila nyimbo za Misa, kila mmoja akijaribu kumfunika mwenzake, hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna sherehe. Mama Sheila akawaambia kuna sherehe ya kunyoosha makosa ya Ogeto, na mmoja wao akaleta chapati. Saa sita kasoro, Orpah aliweka manifoldi juu ya masizi kwa mara ya mwisho, akaiinua, na uso wote ulikuwa mweusi sawasawa, vidole vyote vinne. Nilileta rula. Nilipima mbele, nyuma, mshazari. Mwanga haukupita popote.

"Kwa hiyo?" Orpah aliuliza. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji.

"Miaka ishirini na miwili nimekuwa mjinga," nilisema. Nilimaanisha. Akajifanya hakusikia, lakini nilimwona akitabasamu akiinama kuosha bamba.

Alasiri nilifunga. Nilikwangua silikoni yote ya Machi kwenye uso wa injini mpaka chuma kikang'aa, nikaiosha manifoldi mabomba yake yote isije ikabaki hata chembe moja ya msasa, nikaweka gasketi mpya ikiwa kavu, bila kuipaka chochote. Halafu bolti. Nilianza katikati. Mama Sheila alisimama kwenye ngazi akitaja zamu ya kila bolti kwa sauti, nami nikifuata: katikati, kulia, kushoto, nje, nje. Raundi ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu mpaka mwisho. Kisha kopo la rangi, kompresa, sabuni. Tulisubiri povu. Nilinyunyiza tena, nikasubiri tena. Sabuni iliteremka kwenye mshono ikadondoka chini, basi.

Ijumaa saa saba na nusu tulikuwa Gesima. Magunia ya chai yalikuwa yamening'inizwa kwenye kulabu ndani ya lori mpaka hapakuwa na pa kutia mkono, na wakulima wengine walikuwa wameacha kuchuma ili waje kutazama. Nilipanda kebini karibu na Mama Sheila, tukaenda hadi chini ya kile kilima. Mbele yetu lori la Bosire, dereva mwenzake wa chai, lilikuwa limepanda na kufaulu. Lililofuata lilikwama kwenye kona, likakohoa, likaingia gia ya kwanza, na tulimwona Machogu akiandika. Mama Sheila alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilimwomba Mungu kimyakimya kwa niaba ya bolti kumi.

Tulikikabili kilima na gia ya tatu. Nilikuwa nimetega masikio mpaka yakauma, nikisikia filimbi hata pasipo filimbi. Lori lilivuta. Mwinuko ulipoanza hasa, alishusha hadi ya pili, injini ikanguruma kwa sauti nene, safi. Tukafika kwenye ile kona. Kwa miezi minne mkono wake ulikuwa umezoea kwenda gia ya kwanza pale, na niliuona ukienda wenyewe.

"Acha! Acha hivyo!" nilipiga kelele.

"Itazima!"

"Haizimi! Kanyaga mafuta!"

Akakanyaga. Kwa sekunde moja lori lilisita, halafu turbo ikashika na nguvu ikaja, yote, tukasukumwa mgongoni kwenye viti. Mama Sheila alipiga ukelele. Nami nikapiga. Tulipita mbele ya Machogu na gia ya pili, tukiongeza mwendo, wote wawili tukipiga makelele madirishani, na nyuma yetu hapakuwa na moshi wa kufukuza hata nzi.

Langoni mwa kiwanda malori mengine yalikuwa yamepangwa, madereva wamekaa kivulini. Machogu alikuja na pikipiki, akafungua karatasi zake juu ya tangi la mafuta.

"Mama Sheila, njia ni yako," alisema. "Na wakulima wa kile kituo cha chini wameomba uwabebee pia. Utaweza?"

Alijibu kwamba ataweza, kwa sauti ndogo sana. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori, akaficha uso ndani ya mikono, na mabega yake yakatikisika kidogo. Nilisimama karibu bila kujua pa kuweka mikono yangu.

Madereva walikuja kumpongeza. Bosire, mwenye sauti inayofika Birongo bila simu, aliuliza lile swali nililokuwa naliogopa.

"Sasa Mama Sheila, hii gari ilikuwa imekufa kabisa. Nani alikuwa amekuharibia?"

Niligeuka kutazama tairi. Mama Sheila alisimama, akajifuta uso, akaninyooshea kidole mbele yao wote.

"Huyu," alisema. "Ogeto ndiye aliharibu. Na ni yeye alikuja kuniambia, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa nimeshaamini ni watu wengine. Nyinyi wote mnatengenezewa gari. Kuna fundi amewahi kuwaambia hivyo?"

Ningeweza kuziacha sifa hizo zikae hivyo.

"Ni Orpah alinituma," nikasema. "Mke wangu. Peke yangu nisingekuja."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa wafanyakazi wa kiwanda madirishani. Bosire alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaenda kwenye lori lake, akainamisha kebini, akanipungia mkono.

"Omogaka, mzee wetu, kuja uskize hii yangu," alisema. "Iko na kitu inagonga, na kila mtu ananiambia ni sawa."

Dereva mwingine akainamisha yake, na mwingine. Ilikuwa Ijumaa, lakini jua lilikuwa bado juu sana. Nilienda, machozi yakinitoka mchana kweupe mbele ya watu wote wale, na sikuyafuta.